LeBron 18, Detroit 16

Anza na namba 79.

Mei 2006 Detroit Pistons waliwatoa Cleveland Cavaliers katika mechi ya saba ya mfululizo wao wa mtoano wa NBA, ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani, kwa pointi 79 dhidi ya 61. Mwaka uliofuata timu hizo zikakutana tena, safari hii kwenye fainali ya Kanda ya Mashariki, na Detroit wakachukua mechi ya kwanza kwa 79 dhidi ya 76. Wakachukua na ya pili, 79 dhidi ya 76 vilevile, utadhani msimamizi wa ubao wa matokeo alisahau kuufuta. Hicho ndicho kilikuwa kipimo cha Detroit: walifunga pointi zao 79, wakafunga na mlango, watu wakaenda kulala.

Cleveland walijibu nyumbani kwa kushinda mechi mbili, mfululizo ukawa 2–2. Ndipo ukafika usiku wa 31 Mei 2007, mechi ya tano, ndani ya ukumbi wa The Palace of Auburn Hills, Michigan. Katika robo ya nne Cleveland walifikisha pointi 79. Kuanzia hapo hadi mchezo unakwisha 109–107 baada ya nyongeza mbili (vipindi vya ziada vya dakika tano tano, matokeo yakiwa sare), waliongeza pointi 30. Nyota wao, LeBron James, alifunga 29 kati ya hizo. Ile moja iliyobaki ni mtupo huru, ule wa pointi moja unaopigwa baada ya faulo, wa mwenzake Drew Gooden. Gooden alipokwisha kuutumbukiza mtupo wake, hakuna mwenzake LeBron aliyefunga tena: pointi 25 za mwisho za timu nzima zina jina moja.

Alikuwa kijana wa miaka 22.

Sisi mashabiki tumezoea kuusimulia usiku ule kwa sentensi moja: mtu mmoja aliwapiga watu watano. Ni sentensi tamu, na nimeisema mara nyingi, mikono ikiwa hewani. Lakini kila ninapoirudia mechi yenyewe naona sentensi hiyo ina ukweli nusu na chumvi nusu, na ukishaichambua chumvi ikatoka, kinachobaki kinashangaza kuliko hadithi tuliyoizoea.

Kwa nini pointi huadimika kwenye mtoano

Msimu wa kawaida wa NBA una mechi 82. Timu hucheza leo hapa, kesho kutwa mji mwingine, na kocha hana siku za kutosha kumchunguza kila mpinzani. Mchezaji mzuri anaweza kuishi kwa mbinu zake mbili tatu na akafunga pointi 30 bila mtu kugundua anachofanya.

Kwenye mtoano mambo hubadilika. Timu mbili hukutana mpaka mojawapo ishinde mechi nne, yaani zinaweza kuonana hadi mara saba ndani ya wiki mbili. Hakuna siri inayodumu. Kama unapenda kwenda kulia, mlinzi amekwishasimama kulia. Kama unatua kidogo kabla ya kuruka, mtu anaujua mtuo huo kuliko unavyoujua wewe. Wachezaji dhaifu wanakaa benchi, nyota wanacheza dakika nyingi zaidi, na kila shambulizi linapewa uzito wake.

Tena zama zile mchezo wenyewe ulikuwa wa taratibu. Msimu wa 2006–07 timu ya NBA ilipata wastani wa mashambulizi kama 92 kwa mechi ya dakika 48. Siku hizi hukaribia 100. Mitupo ya pointi tatu ilikuwa michache mno kuliko ya leo. Kwa hiyo pointi 48 alizomaliza nazo LeBron usiku ule, pamoja na ribaundi 9 (mipira iliyodakwa baada ya mtupo kukosa) na asisti 7 (pasi za kufungisha), usizisome kwa macho ya leo. Zilitoka katika mfululizo ambamo timu nzima ilikuwa imeshinda mara mbili kwa pointi 79.

Na Detroit hawakuwa watu wa kubahatisha. Walikuwa mabingwa wa 2004, wakafika tena fainali ya 2005, na hiyo ya 2007 ilikuwa fainali yao ya tano ya kanda kwa kufuatana. Nguzo yao Ben Wallace alikuwa amehamia Chicago mwaka uliotangulia, lakini Chauncey Billups, Richard Hamilton, Tayshaun Prince na Rasheed Wallace walikuwa bado pamoja. Prince, mwembamba mwenye mikono isiyokwisha, ndiye aliyepewa kazi ya kumkaba LeBron. Nyuma yake alisimama Rasheed, mtu wa kuzungumza na kila mtu ukumbini, waamuzi wakiwemo, huku akiziba njia ya kwenda ringini.

Hesabu ya wanne kwa watatu

Hapa ndipo swali la kila anayetazama mechi ile kwa mara ya kwanza linapotokea: kwa nini hawakumwekea watu wawili? Kila mtu ukumbini alijua mpira uko kwa nani na unakwenda wapi. Kwa nini mlinzi wa pili hakukimbia kumbana, mpira ukatoka mkononi mwake, mchezo ukaisha?

Jibu ni hesabu rahisi na ya kikatili. Kila timu ina watu watano uwanjani. Ukituma wawili kwa mmoja, unabaki na watatu dhidi ya wanne. Mwenye mpira akiwa mfupi, au asiyeona, wale wanne hawana faida, kwani pasi haitawafikia. LeBron alikuwa na urefu wa takriban mita 2.03, anaona juu ya vichwa vya watu, na tangu shuleni sifa yake kubwa ilikuwa pasi. Ukimpelekea wawili, umempa kile anachokipenda.

Detroit walikuwa na ushahidi wa siku chache tu. Katika mechi ya kwanza, sekunde za mwisho, Cleveland wakiwa nyuma kwa pointi mbili, LeBron alikimbilia ringi, walinzi wakamvamia, naye akautoa mpira kwa Donyell Marshall aliyekuwa peke yake pembeni nyuma ya mstari wa pointi tatu. Mtupo wa Marshall ungeipa Cleveland ushindi. Haukuingia. LeBron alimaliza usiku huo na pointi 10 tu, na kwa siku kadhaa wachambuzi wa Marekani walimsaga: nyota wa kweli hapasi, nyota wa kweli anapiga mwenyewe. Kwangu pasi ile ilikuwa sahihi, na ningali nasema hivyo.

Kwa hiyo Detroit walikuwa na sababu ya kuamini kwamba kumkaba na mtu mmoja, wengine wakiwa tayari kusaidia nusu hatua, kunatosha. Ulinzi wao wote ulijengwa juu ya imani hiyo: kila mtu anamudu mtu wake, hatuparaganyiki kwa ajili ya mtu yeyote. Imani hiyo ndiyo iliyowapa kombe. Ni vigumu kuitupa katikati ya robo ya nne, na hapo napata huruma nao kidogo.

Sheria nazo zilikuwa zimegeuka. Mwaka 2001 NBA iliruhusu ulinzi wa kanda, yaani mlinzi kulinda eneo badala ya mtu, lakini ikaweka pia kanuni kwamba mlinzi asiye na mtu wa kumkaba karibu naye haruhusiwi kukaa zaidi ya sekunde tatu kwenye eneo lililo chini ya ringi. Kisha kuanzia msimu wa 2004–05 waamuzi wakaanza kuwabana walinzi wanaomzuia mwenye mpira kwa kumwekea mkono mwilini akiwa mbali na ringi. Ukiweka hayo mawili pamoja unapata nini? Mchezaji mwenye kasi anamkabili mlinzi asiyeruhusiwa kumshika, na nyuma yake hakuna jitu lililojipandikiza chini ya ringi. Mtu mwenye mwili kama wa LeBron, mzito kuliko walinzi wengi na mwepesi kuliko wote wenye uzito wake, alizaliwa kwa ajili ya uwanja wa namna hiyo.

Basi Cleveland walifanya jambo moja, wakalirudia. Mwenzake anakuja kusimama njiani mwa mlinzi ili LeBron apate mwanya. Wengine watatu wanatawanyika pembeni kuwavuta watu wao. LeBron anaangalia. Mlinzi akirudi nyuma kuogopa kupitwa, anaruka na kupiga pale pale. Mlinzi akisogea kumbana, anampita. Nani asiyelijua zoezi hilo? Hata timu za watoto hulicheza. Tofauti ni kwamba usiku ule Detroit walijua linakuja, wakaliona likija, na likapita.

Mkono wa moto

Mashabiki tuna neno letu la kueleza hali kama hii: mkono umeshika moto. Mpira ukishaingia mara tatu, tunahisi wa nne hauna budi kuingia. Wachezaji wanasema ringi inapanuka. Lakini je, jambo hilo lipo kweli, au ni macho yetu?

Mwaka 1985 wanasaikolojia Thomas Gilovich, Robert Vallone na Amos Tversky walilichunguza. Walichukua, pamoja na mengine, kumbukumbu za mitupo ya wachezaji wa Philadelphia 76ers, wakauliza: mchezaji aliyetoka kufunga, ana uwezekano mkubwa zaidi wa kufunga tena kuliko aliyetoka kukosa? Hawakuona tofauti hiyo. Wakahitimisha kwamba mkono wa moto ni njozi, kwamba binadamu huona mpangilio hata mahali palipo na bahati tupu. Kwa zaidi ya miaka 30 jibu hilo lilinukuliwa darasani kila mara profesa alipotaka kuwanyamazisha mashabiki.

Kisha mwaka 2018 wanauchumi wawili, Joshua Miller na Adam Sanjurjo, wakachapisha utafiti ulioonyesha kwamba hesabu ya awali ilikuwa na ufa mdogo, na ufa huo ni mtamu kiasi kwamba siwezi kuupita hivihivi. Chukua sarafu, irushe mara tatu. Kila unapopata kichwa, tazama mrusho unaofuata: je, ni kichwa tena? Andika asilimia yako. Rudia zoezi hilo la mirusho mitatu mara nyingi mno, kisha tafuta wastani wa asilimia zote. Akili inasema utapata 50. Utapata karibu 42. Sarafu haina kosa. Ni namna ya kukusanya asilimia kutoka kwenye misururu mifupi ndiyo inayoishusha namba.

Maana yake? Mchezaji ambaye baada ya kufunga anafunga tena kwa asilimia ileile ya kawaida, katika rekodi fupi, kumbe amezidi kile ambacho bahati tupu ingetupa. Walipoirekebisha hesabu, dalili za mkono wa moto zikaonekana katika takwimu zilezile zilizotumika kuukana. Haziwi kubwa kama tunavyohisi tukiwa mbele ya runinga, lakini zipo.

Nisingependa hata hivyo kuutupia mkono wa moto mzigo wote wa Auburn Hills. LeBron alipiga mitupo 33 ya uwanjani akaingiza 18. Kumi na tano zilikataa. Kwenye mitupo huru alipata 10 kati ya 14. Hizo ni namba nzuri sana, lakini si namba za mtu asiyekosa, na mfululizo wa pointi 25 hausemi kwamba hakukosa. Unasema kwamba katika kipindi hicho hakuna mwenzake aliyefunga. Ni mambo mawili tofauti na sisi huyachanganya. Rekodi ile inamsifu LeBron kwa mkono wa kulia, na kwa mkono wa kushoto inatuonyesha jinsi kikosi kile kilivyokuwa hakina mtu wa pili wa kubeba mzigo.

Kilichofanywa na wale wanne

Sasa tufike kwenye hesabu iliyonifanya niandike haya. Mechi ilikuwa 91–91 baada ya dakika 48. Iliisha 109–107. Kwa hiyo katika dakika kumi za nyongeza mbili, Cleveland walifunga 18, zote za LeBron, na Detroit wakafunga 16.

LeBron 18, Detroit 16. Ukiitazama juujuu, hiyo ndiyo ile hadithi ya mmoja dhidi ya watano. Itazame tena upande wa pili. Detroit, mabingwa wa juzi, wakiwa kwao, kelele za ukumbi mzima nyuma yao, waliambulia pointi 16 ndani ya dakika kumi. Nani aliwazuia? LeBron alimkaba mmoja. Waliobaki walikabwa na watu ambao majina yao hayamo katika simulizi la usiku ule: vijana na wazee wa Cleveland waliokimbia, wakajiweka njiani, wakagombea ribaundi, wakajua kabisa kwamba wakiupata mpira hawataugusa tena mpaka zamu nyingine ya kukaba. Mike Brown, kocha wao, aliijenga timu ile kwa ulinzi. Kama Detroit wangefunga 19, tungekuwa tunasimulia habari nyingine: nyota aliyefunga pointi 25 mfululizo akashindwa.

Na habari ya namna hiyo ipo, maarufu mno. Tarehe 20 Aprili 1986, Michael Jordan wa Chicago Bulls alifunga pointi 63 dhidi ya Boston Celtics kwenye ukumbi wa Boston Garden, rekodi ya pointi nyingi zaidi katika mechi moja ya mtoano ambayo haijavunjwa. Larry Bird wa Boston alisema huyo alikuwa Mungu aliyejificha ndani ya Michael Jordan. Chicago walipoteza 135–131, nao baada ya nyongeza mbili, na wakatolewa 3–0. Mchezaji mmoja anaweza kukufikisha kwenye dakika ya mwisho. Kukuvusha ni suala jingine, kwa maana upande mwingine wa uwanja haumhusu peke yake.

Usiku mwingine ninaouweka karibu na ule wa Auburn Hills ni wa Giannis Antetokounmpo, 20 Julai 2021, mechi ya sita ya fainali: pointi 50, ribaundi 14, na Milwaukee Bucks wakatwaa ubingwa. Cha ajabu hapo ni mitupo huru. Mtoano mzima alikuwa akikosa, mashabiki wa upinzani wakimhesabia sekunde kwa sauti kila aliposimama mstarini. Usiku wa kombe aliingiza 17 kati ya 19. Mtu alishinda kwa kile alichokuwa akichekwa nacho.

Sekunde za mwisho

Turudi Michigan. Dakika 48 za kawaida zilipokaribia kuisha, LeBron alidanki, yaani aliruka akautumbukiza mpira ringini kwa mkono, Cleveland wakaongoza 89–88. Billups akajibu kwa mtupo wa pointi tatu, 91–89. Zikiwa zimebaki sekunde 9.5, LeBron akapenya tena katikati, akadanki tena. Sare. Mara mbili ndani ya nusu dakika, njia ileile, ringi ileile, na ulinzi bora wa zama zile umesimama pale.

Kuhusu nyongeza, jambo la kuangalia ni miguu. Alicheza zaidi ya dakika 50 usiku ule. Mchezaji akichoka, mtupo wake hufupika, mpira hugonga ukingo wa mbele wa ringi, kwa sababu nguvu ya kuurusha hutoka kwenye mapaja kabla ya kufika mkononi. Mtu aliyechoka hivyo kwa kawaida huacha kuruka kwa mbali na huacha kukimbilia ringi. Hutafuta njia ya katikati isiyomuumiza. Yeye hakuacha lolote kati ya hayo mawili. Ikiwa imebaki dakika moja na sekunde chache katika nyongeza ya pili, Detroit wakiongoza 107–104, alipiga kutoka nyuma ya mstari wa pointi tatu na kusawazisha. Halafu, shambulizi la mwisho, badala ya kusimama mbali tena, akaingia ndani, akapasua ukuta, akauweka mpira ringini. Zilibaki sekunde 2.2. Jaribio la mwisho la Detroit halikuingia.

Ukinilazimisha nikuonyeshe uajabu ulipo, nitakuonyesha mfuatano huo wa mashambulizi. Prince na wenzake walipomwachia nafasi, alipiga. Walipomsogelea, alipita. Kila mara alichagua kile ambacho mlinzi alikuwa amekikosa, wakati mapafu yanawaka moto na ukumbi unapiga kelele, na hakukosea uchaguzi mara nyingi kiasi cha kuwapa Detroit nafasi ya kupumua.

Wachambuzi waliomsaga baada ya mechi ya kwanza walitangaza kwamba sasa amejifunza, ameacha kupasi, amekuwa nyota wa kweli. Siku mbili baadaye, 2 Juni, mechi ya sita ilichezwa Cleveland. LeBron alifunga pointi 20. Detroit hawakutaka yale yajirudie, na macho yao yote yalikuwa kwake, kwa hiyo yeye akafanya kile alichokifanya siku ile na Marshall: akatoa mpira kwa aliyeachwa peke yake. Aliyeachwa zaidi ya wote alikuwa Daniel Gibson, kijana wa msimu wake wa kwanza. Gibson alifunga pointi 31, Cleveland wakashinda 98–82, wakaenda fainali kwa mara ya kwanza katika historia yao.

Kwenye fainali hiyo, San Antonio Spurs waliwafagia 4–0. Ukumbi wa The Palace nao haupo tena, ulibomolewa mwaka 2020.